Baridi ya Julai: Ya nini sufuria nne ndogo na moja kubwa inatosha?

Julai ya Nairobi haina haya. Unaamka saa kumi na mbili, unatoa mguu mmoja nje ya blanketi, unaurudisha mbio. Jua halipo. Kuna wingu la rangi ya sufuria kuukuu, nalo litakaa hapo hadi saa nane mchana, na siku nyingine halitoki kabisa. Maji ya bomba yanauma vidole. Nyinyi wa Limuru, Kinangop na Nyahururu najua mnatucheka, lakini tuacheni tulie kidogo. Na yule binamu yako wa Uingereza akikuambia eti nyuzi 12 si baridi, mwambie kwake kuna hita ukutani. Sisi tuna kuta za mawe, sakafu ya simiti na dirisha lisilofunga vizuri. Zile nyuzi 12 za nje ndizo hizo hizo unalala nazo.

Kama hujawahi kujiuliza hii baridi inatoka wapi, ni hivi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini wa ikweta, na upepo unatoka kusini-mashariki ukiwa umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukipanda huku juu unapoa, unageuka wingu la chini, linatufunika kama kifuniko. Watu wa Mombasa wanauita upepo huo kusi na wanaufurahia kwa sababu kwao unapunguza joto. Sisi unatuletea mafua na bili za tangawizi.

Sasa tuongee kuhusu dishi, maana hapo ndipo nina maneno.

Hebu zunguka ploti yenu leo jioni saa moja. Milango yote imefungwa. Nyuma ya kila mlango kuna mtu mmoja, meko moja na kasufuria kamoja. Wa namba 4 anasonga ugali wa kutosha ngumi moja. Wa namba 5 ameagiza chipsi, zimefika zimepoa na kulegea kama kamba ya kiatu. Wa namba 6 amekunywa turungi na mkate, akaingia ndani ya blanketi na simu, na atatoka huko kesho. Wa namba 7 hata hatujui kama amekula. Wote wanne wanahisi baridi, na wote wanachoma gesi, au pesa, kila mtu kivyake.

Mimi nasema hivi: hii miezi mitatu, acheni kupika kila mtu kivyake. Unganisheni sufuria.

Najua jibu lako. "Bro, kibanda kiko hapo nje, githeri ni shilingi 60 sahani, ya nini kujisumbua?" Na kwa mtu mmoja uko sawa kabisa, sitabishana. Kujaza mtungi wa kilo 6 siku hizi ni zaidi ya shilingi elfu moja. Githeri ya mahindi makavu, hata ukiiloweka usiku kucha, inataka saa mbili au tatu motoni kwenye sufuria ya kawaida. Ukichoma gesi yote hiyo ili ule sahani moja, kibanda kimekushinda. Ndiyo maana wengi wetu tuliokuja kuishi peke yetu mjini tuliacha kupika vyakula vya nyumbani. Hatukusahau kupika. Hesabu ndizo zilikataa.

Lakini moto wa kuchemsha githeri ya mtu mmoja na moto wa kuchemsha ya watu wanne ni karibu ule ule. Maharagwe hayajui mko wangapi. Gawa ile gesi kwa wanne, ongeza kwamba mahindi mnanunua kwa gorogoro badala ya kupimiwa kwa kikombe, na ghafla kibanda ndicho ghali. Mkiwa na sufuria ya presha, hata ya kuazima, zile saa tatu zinakuwa saa moja hivi.

Ploti yetu huku Zimmerman tuko wanne kwenye mpango huu tangu Juni. Kuna jamaa wa bodaboda anayerudi saa mbili usiku meno yakigongana. Kuna dada anayeuza mitumba Gikomba, anayetoka nyumbani alfajiri kabla hata ya makonda kuanza kupiga kelele. Kuna kijana wa chuo ambaye mamake humtumia mahindi na maharagwe kutoka ushago kwa matatu. Na kuna mimi, niliyetoka chuoni mwaka wa pili karo ilipogoma, na sasa naandika kutoka kitandani nikiwa nimevaa kofia. Hatukuwa marafiki. Kwa mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi tu, "sasa," "poa," basi. Sasa najua nani hali vitunguu vibichi na nani huweka chumvi kabla ya kuonja.

Kila mtu ana siku zake mbili hivi kwa wiki, Jumapili tunaamua pamoja. Mwenye zamu anapika kwake, wengine wanaleta walichonacho: nyanya, waru, nusu kabichi, parachichi lililolainika vizuri. Mtu akiwa msoto wiki hiyo, anaosha vyombo. Hakuna daftari la madeni. Tulikubaliana mapema kwamba siku tutakapoanza kuandika nani alileta kitunguu na nani hakuleta, mpango umekufa.

Tusidanganyane kuhusu jambo moja. Mipango kama hii huanza vizuri, halafu baada ya wiki mbili unakuta ni yule dada peke yake anapika na wanaume watatu wameketi kitandani wakisubiri sahani. Ikifika hapo huo si mpango tena, mmejipatia mfanyakazi wa nyumbani bila mshahara. Kijana, una mikono. Kuchemsha maharagwe hakuhitaji kipaji, kunahitaji kukaa karibu na kuongeza maji. Zamu yangu ya chapati najulikana ploti nzima: sijawahi kutoa moja ya mviringo, na kuna moja ilifanana kabisa na ramani ya Kaunti ya Turkana. Ililiwa. Chapati ya moto mwezi wa Julai haiulizwi umbo.

Halafu kuna sababu inayonifanya nisisitize hivi, na hapa sicheki.

Kila msimu wa baridi hukosi kusoma habari ile ile. Watu wamelala na jiko la makaa ndani ya nyumba, dirisha limefungwa, nguo imesokomezwa chini ya mlango kuzuia upepo. Asubuhi hawaamki. Wakati mwingine ni mtu na mpenzi wake, wakati mwingine ni familia nzima. Wengi wao wanaishi chumba kimoja, kama mimi, kama wewe. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na baridi, na jiko lilikuwa pale, limeiva vizuri.

Elewa hapo kwa "limeiva". Tunafikiri hatari ni moshi, kwa hivyo tunangoja makaa yashike, yawe mekundu kabisa bila moshi, ndipo tunaingiza jiko ndani tukijua tuko salama. Hewa inayoua inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa vizuri tu. Ukiivuta inashika kwenye damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Yaani vitu ambavyo mtu aliyechoka na mwenye mafua atasema ni uchovu na mafua. Kisha analala.

Kuna wanaoamini ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko yale maji yanasafisha hewa. Hayasafishi. Utapata maji moto tu. Kuacha dirisha wazi kidogo ukilala na jiko pia si dawa. Dawa ni jiko kulala nje. Pikia kwenye roshani au uani, na likimaliza kazi libaki huko huko. Hata ukitumia gesi, fungua dirisha ukipika. Na mkiwa watu wanne chumbani, mtu akianza kulalamika kichwa pamoja na mwenzake, tokeni nje wote kwanza, maswali baadaye.

Sasa unaona kwa nini nazungumzia sufuria kubwa. Chumba cha futi kumi kwa kumi kikiwa na watu wanne na githeri inayofuka mezani kina joto lake. Si joto la hita, najua. Lakini saa nne mkiachana, tumbo limejaa, umecheka, miguu imerudi kuwa yako, unaingia kitandani bila hata kufikiria jiko. Mtu aliyelala njaa peke yake ndiye analitazama lile jiko mara mbili.

Tukirudi kwa sufuria, mapishi ya Julai yana mpangilio wake. Huu si wakati wa saladi. Jumatatu loweka. Jumanne chemsha githeri nyingi, ya siku mbili. Siku ya kwanza kaanga na kitunguu, nyanya, waru na karoti, acha mchuzi kidogo, mwagia dania mwisho. Siku ya pili imeshika ladha, na mimi huipenda zaidi hiyo. Usitie magadi mengi kuharakisha maharagwe, yataiva haraka lakini utakula sabuni. Ndengu ndizo za siku ya msoto kwa sababu zinaiva upesi na zinakula gesi kidogo. Mifupa ya supu muulize mwenye bucha mwisho wa siku, atakupa bei ya kirafiki. Tupa tangawizi na pilipili, acha ichemke polepole mkipiga stori. Nduma na viazi vitamu chemsha jioni, vya asubuhi vibaki kwenye sufuria.

Mchele una ujanja ambao watu wa zamani waliujua. Ukishachemka na maji yamekaribia kuisha, zima gesi, funika vizuri, kisha funga sufuria nzima kwa sweta au blanketi kuukuu. Baada ya nusu saa hivi umeiva wenyewe na bado una mvuke. Gesi imebaki, na sweta lako linanukia pilau hata kama hamkupika pilau. (Usitumie sweta la kazini. Dada wa Gikomba amenikumbusha niandike hivyo.)

Na siku ambazo wenzako hawapo? Zitakuwepo. Jamaa wa bodaboda akipata safari za usiku hatumwoni siku tatu. Hapo ndipo uji unaingia. Unga wa wimbi vijiko vitatu, ukoroge kwa maji baridi kwanza ili usifanye mabonge, kisha umimine kwenye maji yanayochemka na usiache kukoroga. Dakika kumi na tano. Kamua ndimu. Ukinywa kwa kikombe, shika kikombe kwa mikono miwili, nusu ya faida iko kwenye vidole. Au chai, ile yetu ya kuchemsha maji, maziwa, majani na tangawizi iliyopondwa vyote pamoja hadi karibu imwagike. Mimina kwenye chupa ya chai, uiweke karibu na kitanda. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kutoa mguu nje, mkono wako unafikia kikombe. Manze, hapo hata Julai inakuwa na adabu.

Kama ploti yenu hamjuani, usianze na mkutano wala kundi la WhatsApp lenye sheria kumi na mbili. Chemsha githeri nyingi kupita unayoweza kula. Weka kwenye bakuli, gonga mlango wa jirani, sema imebaki. Atarudisha bakuli, na kwetu huku mtu harudishi bakuli tupu. Ndani kutakuwa na parachichi, au mayai mawili, au mandazi. Wiki ijayo mwulize ana sufuria ya ukubwa gani.

Kwetu leo ni zamu ya kijana wa chuo. Mahindi ya mamake yamekuwa yakiloweka tangu jana na amesema ataweka njahi badala ya maharagwe. Yule jamaa wa bodaboda tayari amelalamika kwamba njahi ni chakula cha akina mama waliojifungua. Atakula sahani mbili, tumeshaweka dau.