Mbegu za Papai Zisitutie Papara

Ni nadra kuuona ua wa nyumba Unguja au Pemba usiokuwa na mpapai. Tunda lake twalila, utomvu wake twalainishia nyama ya mishikaki, na mbegu zake wazee wetu wamezitafuna tangu zamani ili kutoa minyoo. Lakini mabarazani siku hizi mti huu umetiwa katika jambo zito zaidi, nalo ni uzazi. Mmoja husema mbegu za papai zafunga kizazi, mwengine huzisaga na kuziuza kwa asali ati ni dawa ya kila maradhi. Wote wawili hawawezi kuwa wakweli, wala haifai taifa liongozwe na uvumi.

Yako mambo yaliyokwisha kuchunguzwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rajasthan, huko Jaipur, India, walieleza mwaka 2002 jinsi walivyowapa kima wa aina ya langur dawa iliyokamuliwa katika mbegu za papai kwa klorofomu. Kima hao ni jamaa wa mbali wa kima punju wetu wa Jozani. Walipewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kila siku, kwa siku 360. Baada ya siku 90 hivi, manii hayakuonekana tena katika shahawa zao. Dawa ilipokomeshwa, hali ilirejea kama kawaida baada ya siku 150.

Mwaka huo huo wachunguzi wa Singapore walitoa habari za panya wa maabara wenye mimba. Papai lililoiva halikuwadhuru. Lakini utomvu wa papai bichi ulipojaribiwa juu ya mfuko wa uzazi wa panya, misuli yake ilijikaza kwa nguvu. Kumbe bibi zetu waliomkataza mja mzito asile papai bichi hawakuwa wajinga, na aliyekuja kuwacheka kwa kasumba ya kikoloni ndiye aliyekuwa hajui.

Hata hivyo, ndugu wananchi, tusikurupuke. Kima si binadamu, na dawa iliyokamuliwa kwa klorofomu kwa kipimo maalumu si sawa na mbegu zilizotwangwa kinuni. Nchini Nigeria, mwaka 2007, ilielezwa kwamba watoto waliopewa mara moja tu mbegu kavu za papai pamoja na asali walitokwa na minyoo kwa wingi kuliko waliopewa asali peke yake. Mbegu ni zile zile. Linalotofautiana ni kipimo, muda na namna ya kutengeneza. Mwenye kunywa mara moja kwa ajili ya minyoo hana sababu ya kutaharuki, na mwenye kudhani kwamba kijiko cha mbegu chatosha kupanga uzazi anajidanganya, na huenda akapata mtoto asiyemtarajia.

Tena tuzingatie yaliyotokea China. Katika miaka ya 1970 wanaume zaidi ya 8,000 walipewa gosipoli, dawa itokayo katika mbegu za pamba, ili kuzuia uzazi. Ilifanya kazi. Lakini baadhi yao walipungukiwa na madini ya potasiamu mwilini, na wengine hawakurudia tena uwezo wa kuzaa. Dawa hiyo ikaachwa. Kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu kuna safari ndefu, na anayeirukia njiani huumia.

Liko funzo jengine, nalo lagusa haki. Katika vijiji vyetu, nyumba ikikosa mtoto, lawama humwangukia mke. Hupelekwa kwa huyu na yule, hunyweshwa hili na lile, na mwisho huandikiwa talaka, ilhali mume hajapimwa hata siku moja wala hakuulizwa ni chupa gani anazokunywa. Kima wa Jaipur walikuwa madume. Wametuonyesha kwamba mwanamume naye aweza kupoteza uwezo wa kuzaa bila ya kuhisi maumivu wala kuona dalili. Kumhukumu mke kabla ya wote wawili kupimwa ni dhulma, na dini yetu haikuruhusu dhulma.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa afya mambo matatu. Kwanza, kila kituo kiwapokee mume na mke pamoja, na daktari awaulize bila ya dharau dawa za miti wanazotumia. Pili, wauzaji wa dawa za asili waandikishwe, na chupa isiyotaja kilichomo ndani isiuzwe. Tatu, vyuo na taasisi zetu za utafiti zipewe fedha za kuchunguza miti ya visiwa hivi. Muhimbili ilianza kazi kama hiyo tangu mwaka 1974. Sisi tuna mpapai mlangoni, tusingoje Jaipur watueleze habari zake.

Waganga wetu nao wasione kwamba wanavamiwa. Elimu yao ni amana ya umma, na amana huhifadhiwa kwa kuhakikiwa. Tusiidharau dawa kwa kuwa ni ya shamba, wala tusiiamini kwa kuwa ni ya shamba. Tuipime kwanza.