Ng'ambo ya Daraja la Tana

Nikikuuliza, msomaji wangu, umekwisha kufika wapi na wapi katika nchi yetu, bila shaka utanitajia Mombasa, Nakuru, Kisumu, na pengine Nanyuki kuutazama Mlima Kenya. Wanao nao, kwa msaada wa shule, wamekwisha kuwaona viboko na flamingo. Lakini nikikutajia Garissa utatikisa kichwa na kuniuliza: "Kule kuna nini?"

Swali hilo nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu, na hata kwa vijana wa vyuo vikuu ambao wangepaswa kuwa na hamu ya kuijua nchi yao. Kwa kuwa likizo haziko mbali na kila nyumba inahesabu senti zake ikitafuta mahali pa kuwapeleka watoto, Jumapili hii tulijibu pamoja.

Tuanze na umbali, kwa maana wengi hudhani Garissa iko mwisho wa dunia. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, safari fupi kuliko ya Mombasa. Unapita Thika, Matuu na Mwingi. Ukiiacha Mwingi nyuma, milima inapungua, miti inakuwa mifupi na yenye miiba, na joto linaanza kukukumbusha kwamba sweta ulilovaa asubuhi halina kazi tena. Unapita Nguni, Ukasi na Bangale, kisha Madogo. Mbele yako unaona ukanda wa kijani kibichi katikati ya ardhi kavu. Huo ndio Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Daraja liko hapo, na ng'ambo yake ndiyo Garissa.

Daraja hilo, ndugu msomaji, si la saruji na vyuma tu. Kwa miaka mingi wenyeji wa Kaskazini Mashariki waliposafiri kuja Nairobi walisema, "Nakwenda Kenya." Hata leo utawasikia wazee wakisema hivyo, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu. Mtu yumo ndani ya Kenya, kitambulisho chake ni cha Kenya, lakini akivuka mto anajiona anaingia nchi nyingine! Jambo kama hili halikuja hivi hivi.

Wakoloni waliliita eneo hili Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934 walijipa uwezo wa kulifunga, mtu asiingie wala asitoke pasipo kibali. Tulipopata uhuru mwaka 1963 vita vilizuka, vile vilivyoitwa vita vya Shifta, vikaendelea hadi 1967. Bunduki zikanyamaza, lakini sheria za hali ya hatari zikabaki mpaka mwaka 1991. Piga hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alikaribia kutimiza miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile zilizomhusu mwenzake wa Nyeri au Kakamega. Kwa hiyo tunapouliza "Kule kuna nini?", tukumbuke kwamba wenyeji nao wana haki ya kuuliza kwa nini tumechelewa kwenda.

Najua mzazi fulani anayesoma haya tayari amekunja uso. Anakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, siku Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi. Sitakuambia uisahau siku hiyo. Wako wazazi waliokwenda Nairobi kuitambua miili ya watoto wao, na hakuna safu ya gazeti itakayowafuta machozi. Hata hivyo ukumbuke pia kwamba chuo kile kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Tena ukumbuke Desemba ya mwaka uo huo wa 2015, karibu na El Wak katika Mandera. Wavamizi walilisimamisha basi na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na watu wakasimama pamoja. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwao. Alipigwa risasi na akafariki dunia Januari 2016. Filamu ya Watu Wote ilitengenezwa kutokana na kisa hicho. Ukitaka kuwasimulia wanao habari za Kaskazini Mashariki, wasimulie visa vyote viwili. Kimoja peke yake ni nusu ya ukweli.

Sasa, kuna nini?

Kwanza kuna mto wenyewe. Kandokando yake yamo mashamba ya ndizi, maembe, mapapai na matikiti, yanayonyweshwa kwa pampu. Wakulima wengi wa huko ni jamii ambazo huzisikii katika habari: Wamunyoyaya, Wamalakote, na Wapokomo kusini zaidi. Wao wamevua samaki na kulima kando ya Tana tangu zamani. Mtoto wa mjini anayedhani kila mtu wa Garissa ni mfugaji wa ngamia atapata somo lake la kwanza hapo. Lakini asikaribie maji bila mwenyeji, kwani mamba wa Tana hawajui kwamba yeye ni mgeni.

Pili kuna twiga. Kilomita chache kusini mwa mji iko hifadhi ya jamii ya Bour-Algi. Twiga wa huku si kama wale wa Maasai Mara. Ngozi yao ni ya rangi ya matofali, yenye mistari myeupe iliyonyooka kama wavu wa mvuvi. Wanatembea karibu na mifugo na nyumba za watu, na watu hawashangai.

Tatu kuna soko la mifugo, mojawapo ya masoko makubwa kabisa Afrika Mashariki. Vumbi, kelele, ng'ombe, mbuzi, ngamia wanaolalamika kama watu walioamshwa mapema, na madalali wanaokimbia huku na huku. Iko desturi ya zamani ya wafanyabiashara wa mifugo Wasomali: muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kutajiana bei kwa vidole, jirani asijue. Mwanafunzi wa biashara akiiona atatambua kwamba siri za soko hazikuanza na vitabu vyake. Nyama nyingi unazokula Nairobi zilipitia mikono hiyo.

Nne kuna chakula. Maziwa ya ngamia huuzwa na akina mama, na huwa na harufu ya moshi kwa sababu vyombo hufukizwa kwa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Yaliyoganda huitwa susaac. Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa kwenye mafuta. Hiyo ndiyo friji ya mfugaji. Asubuhi kuna anjera na chai yenye iliki na mdalasini. Mchana ukiletewa pilau na ndizi mbivu katika sahani moja, usimwite mhudumu kumwambia amekosea. Kula ndizi na wali kwa pamoja, halafu uniambie.

Kisha kuna jambo ambalo halipatikani kwa urahisi popote pengine duniani. Kusini mwa Garissa, upande wa Ijara, anaishi mnyama aitwaye hirola. Ni jamaa wa kongoni, rangi yake ni ya mchanga, na kati ya macho yake unapita mstari mweupe kana kwamba amevaa miwani. Nusu karne iliyopita walikuwa maelfu. Maradhi ya sotoka, ukame, wawindaji haramu na kupungua kwa malisho viliwamaliza, na leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Wakimalizika, ndio mwisho wa jamii yao yote.

Mwaka 1996 wakuu wa wanyamapori walikuwa wakiwahamisha hirola kuwapeleka Tsavo. Unafikiri wenyeji walifanya nini? Walikwenda mahakamani! Walidai kwamba mnyama huyu ni wa ardhi yao na asiondolewe, na Mahakama Kuu ikawakubalia. Wafugaji ambao sisi wa mjini tulidhani hawana habari na wanyama wa porini ndio waliosimama kizimbani kumtetea paa. Baadaye jamii ikaanzisha hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 sehemu yake ikazungushiwa ua, simba na fisi wasipite, wakaingizwa hirola 48 wazaliane kwa amani. Mwana wa Garissa, Dkt. Abdullahi Hussein Ali, amejitolea maisha yake kumchunguza mnyama huyu na kuirudisha nyasi anayoila.

Ishaqbini ndiko pia walikoonekana twiga weupe mwaka 2017, wakashangaza ulimwengu. Machi 2020 jike na ndama wake walikutwa wameuawa. Hapo ndipo utaona kwamba ulinzi wa jamii si maneno ya semina. Walinzi wanahitaji mishahara, na mishahara inahitaji wageni.

Ukiamua kwenda, yako mambo ya adabu. Salamu kwanza, shida baadaye. "Assalamu aleikum" inatosha, nawe usiikatize kwa kuuliza bei. Mzee mwanamume kijana humwita "adeer", yaani baba mdogo au mkubwa, na mama wa makamo huitwa "eeddo", shangazi. Lile neno "warya" tunalolitumia ovyo mitaani Nairobi liache huko huko. Kwa Kisomali ni kama kumwambia mtu "wewe bwana!", na kumwita mtu usiyemjua hivyo ni utovu wa heshima. Mavazi yawe ya staha, kwa mama na kwa baba. Usimnyooshee mkono mwanamke wa kigeni kwako mpaka yeye aanze. Usipige picha bila ruhusa, hasa penye askari na darajani. Wala usimuulize mfugaji ana ngamia wangapi. Ni kama kumuuliza mwenzako kazini ana shilingi ngapi benki, na tena wengi huamini kuhesabu mali kwa sauti kunaleta mkosi.

Kuhusu usalama, sitakudanganya. Mji wa Garissa na barabara yake si sawa na mpaka wa Somalia wala msitu wa Boni, na huko sikushauri uende kutembea. Kabla ya safari waulize polisi, ofisi ya kaunti na mwenyeji unayemwamini, kwani hali hubadilika. Safiri mchana. Beba kitambulisho, maana utakaguliwa njiani. Ijara na Ishaqbini usiende kwa kubahatisha. Wasiliana kwanza na viongozi wa hifadhi, wakuambie njia na wakati.

Hali ya hewa nayo ina sheria zake. Wenyeji hugawa mwaka katika misimu minne. Jilaal, kuanzia Januari, ni kiangazi kikali, na Gu, kuanzia Aprili, ni mvua ndefu. Hagaa katikati ya mwaka ni kavu yenye upepo, kisha Deyr, kuanzia Oktoba, ni mvua fupi. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi. Halafu yakaja mafuriko. Aprili 2024 Tana ilikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na mashua iliyokuwa ikiwavusha watu ikapinduka, watu wakafa maji. Kwa hiyo chagua Hagaa, Julai hadi Septemba, wakati barabara ni kavu na joto lina huruma kidogo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Garissa ilikuwa na watu 841,353. Hao ni wenzetu, wanaolipa kodi ileile na kufanya mitihani ileile na wanao. Mtoto wako anaweza kumaliza darasa la mwisho akijua mito ya Ulaya na asijue kwamba jirani yake wa Tana anakunywa chai namna gani. Atakapokuwa afisa, mwalimu au daktari na kupewa uhamisho wa kwenda Garissa, atalia kana kwamba amehukumiwa. Amejifunza wapi kilio hicho, kama si kwetu sebuleni?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shilingi utakazomwachia mama muuza maziwa, kijana anayekuonyesha twiga na mlinzi wa hirola zitawafaa wao na watoto wao. Lakini apone mgeni pia, apone ugonjwa wa kumwogopa asiyemjua. Siku ambayo familia za Nairobi zitavuka daraja lile kwa kawaida, kama zinavyokwenda Nakuru, wazee wa Garissa hawatakuwa na sababu tena ya kusema wanakwenda Kenya.

Basi keti na jamaa zako leo baada ya chakula cha mchana, fungueni ramani, muutafute mto. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.