Hakuna Ushahidi

"Hakuna ushahidi wa kutosha," daktari alimwambia mama yangu. Ilikuwa 2019, hapa Denver. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na kisukari kilikuwa kimemletea maumivu ya miguu yaliyomnyima usingizi.

Mtaa wa pili kutoka kwa daktari palikuwa na duka la bangi. Nikaenda. Kijana wa kaunta, mpole kweli, akanionyesha peremende. "Aanze na miligramu tano." Nikamwambia mama ana miaka 71, anameza dawa za sukari na za presha, je, zitapatana? Akacheka kwa haya. "Kila mwili na mambo yake."

Nilirudi mikono mitupu, na hasira tele.

Ushahidi huo haukukosekana kwa bahati mbaya. Sheria ya Marekani ya 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini. Tangu 1968 hadi 2021, shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi, ndilo lililoruhusiwa kuwalimia watafiti, na bangi yake ilikuwa hafifu kuliko ya madukani. Hapa Colorado maduka ya bangi ya starehe yalifunguliwa 2014, lakini mtafiti hakuruhusiwa kuingiza bangi hiyo chuoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder wakageuza gari kuwa maabara, wakaliegesha nje ya nyumba za watu. Mtu anatumia kwake bangi aliyoinunua mwenyewe, kisha anatoka kwenda kupimwa garini. Muuzaji ana duka, msomi anahangaika barabarani!

Najua utafiti wenyewe ni mgumu. Aliyepewa dawa bandia hujigundua mapema, maana hakulewa. Lakini ugumu huo hutatuliwa na watu walioachwa wafanye kazi.

Wapo watakaosema nawatafutia vijana ruhusa ya kulewa. Siitetei bangi. Huenda ingemdhuru mama, na hilo nalo nilitaka kuambiwa na mtu aliyepima. Aliyeficha mizani asituambie kwamba mzigo haujapimwa.

Usiku ule nilimkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi aliyokuja nayo.

"Mwanangu," akaniuliza, "duka lote lile, na hakuna anayejua?"

"Hakuna, mama."

Akageukia ukutani. Hakulala.