Asiyesikia Vizuri Asiachwe Peke Yake

Sajini mstaafu mmoja wa mjini Jinja alikuwa na desturi ya kuketi barazani kila jioni pamoja na askari wenzake wa zamani. Kisha akaacha kuonekana. Mkewe alilalamika kwamba mumewe amekuwa mtu wa kununa. Watoto walisema baba hujibu asiloulizwa. Majirani wakadai amepata kiburi. Kumbe mzee huyo hakuwa na kiburi wala hasira. Masikio yake yalikuwa yamedhoofika, naye aliona haya kusema.

Katika nyumba za askari jambo hili si geni. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, ilhali wataalamu huonya kwamba hata kelele za desibeli 85, mtu akikaa nazo saa 8 kila siku, zaweza kumdhuru. Ndani ya sikio mna chembe ndogo mno zenye vinyweleo, ambazo hupokea sauti. Zikisha kufa hazioti tena. Ndiyo sababu askari kijana hapaswi kwenda kupiga shabaha bila vizibo vya masikio. Uzee nao hupunguza kusikia, kadhalika maradhi ya masikio na baadhi ya dawa, kama vile streptomisini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wanahitaji msaada kwa ajili ya upungufu huo.

Hata hivyo, jeraha kubwa halimo sikioni, limo moyoni. Asiyesikia vizuri huchoka kwa kukisia maneno mchana kutwa. Hucheka wenziwe wanapocheka, asijue kilichowachekesha. Akiuliza, huambiwa, “Si neno, Mzee, acha tu.” Maneno hayo ni mepesi kwa msemaji, lakini kwa mwenye kuambiwa ni sawa na kufungiwa mlango. Akifungiwa mara nyingi, huona heri kukaa chumbani peke yake, na upweke huzaa huzuni.

Dawa ya kwanza, basi, imo mikononi mwa jamaa. Anayetaka kusema naye amguse bega kwanza, kisha aketi mbele yake penye mwanga, ili midomo ionekane. Aseme polepole na wazi, wala asipige kelele, maana kelele huharibu matamshi na humfanya mzee adhani anagombezwa. Redio ipunguzwe. Watu wasiseme wawili kwa pamoja. Neno lisiposikika, lisemwe kwa namna nyingine; na jambo kubwa laweza kuandikwa. Zaidi ya yote, mambo ya nyumba yake yasiamuliwe pasipo yeye.

Mwenye shida naye ana wajibu wake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Aseme waziwazi, “Sikio hili halisikii, njoo upande huu,” kisha aende hospitali akapimwe. Huenda ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa na mganga. Asijichokoe kwa njiti. Wengine hufaidika kwa kifaa cha kusaidia kusikia, ingawa huhitaji majuma kadhaa ya kukizoea. Aliyekuwa kiziwi kabisa anayo lugha ya alama, ambayo Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka Serikali kuikuza. Lugha hiyo jamaa wote wapaswa kujifunza, kwani haimfai mtu aliye peke yake.

Sajini yule hakuponywa masikio. Lakini siku alipomweleza mkewe ukweli, mama huyo alilia, kisha akahamisha kiti chake, akaketi kumkabili. Wazee wa barazani nao wamempa nafasi chini ya taa, na husubiri mmoja amalize ndipo mwingine aanze. Mzee amerudi kwenye mazungumzo, na akicheka sasa, anajua anachochekea.