Mashindano ya roboti: Kwa nini timu hufundisha watazamaji wakati hakuna mechi

Ukisikiliza mpira redioni, mtangazaji anafuata mpira. Hana budi, maana ndiyo kazi yake. Lakini kocha aliyekaa jukwaani kumsoma mpinzani wa wiki ijayo huenda asiutazame mpira kabisa. Anamtazama beki wa kushoto: anarudi haraka? Anachoka dakika ya ngapi?

Katika mashindano ya roboti ya shule za sekondari, kazi hiyo ya kocha wa jukwaani hufanywa na wanafunzi wenyewe. Na timu zinazoifanya vizuri hujiandaa miezi ambayo hakuna mashindano.

Mashindano makubwa ya aina hii ni FIRST Robotics Competition, yaliyoanza Marekani mwaka 1992. Taasisi ya FIRST ilianzishwa miaka mitatu kabla, 1989, na mvumbuzi Dean Kamen. Leo timu zinazoshiriki ni zaidi ya 3,000, nyingi za Marekani, nyingine za Kanada, Uturuki, Israel na Australia. Mwanzoni mwa Januari hutangazwa mchezo mpya, wanafunzi hutengeneza roboti, na mashindano huendelea hadi Aprili.

Mechi moja huwa ya takriban dakika mbili na nusu. Upande mwekundu una roboti tatu, upande wa bluu tatu, na kila roboti imetoka katika timu yake. Roboti huvalishwa kitu kama jezi: mito ya kitambaa chekundu au cha bluu kuzunguka kiuno, yenye namba ya timu. Mwenzako wa mechi hii anaweza kuwa mpinzani wako baada ya saa moja.

Roboti ya 24

Utamu wote uko kwenye uchaguzi. Mechi za awali zikiisha, timu nane za juu kwenye msimamo huwa manahodha, na kila nahodha huchagua wenzake wawili wa kwenda nao kwenye mtoano. Duru ya kwanza huanza na nahodha namba 1 hadi namba 8. Duru ya pili hugeuzwa: anaanza wa 8, anamaliza wa 1.

Fikiria maana yake. Aliyeongoza msimamo anapata mwenzake wa kwanza mzuri kuliko wote, kisha anasubiri hadi roboti 23 ziwe na kwao ndipo achague tena. Majina makubwa yamekwisha. Msimamo nao haumsaidii sana, kwa sababu wenzako wa mechi za awali hupangwa na ratiba, si wewe. Timu nzuri inaweza kupangiwa wenzake wabovu ikaishia nafasi ya 30, na timu dhaifu ikabebwa hadi ya 15.

Hapo ndipo daftari la watazamaji linapolipa. Nahodha anauliza: katika zilizobaki, ipi haikuzimika uwanjani hata mara moja? Ipi inajua kumzuia mpinzani bila kupigiwa faulo? Asiye na daftari hubahatisha, na miezi ya kutengeneza roboti inaweza kupotea kwa jina moja lililotajwa kwenye kipaza sauti.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana. Chukua mashindano ya timu 40, kila moja ikicheza mechi 12. Hizo ni mechi 80. Kila mechi ina roboti sita, kwa hiyo wanahitajika watazamaji sita, kila mmoja na roboti yake. Mwisho wa siku ya pili daftari linatakiwa kuwa na mistari 480. Mtoto wa miaka 15 aliyekaa kwenye kiti kigumu tangu asubuhi, kelele zimejaa ukumbini, ataandika nini kwenye mechi ya 63? Aliyewahi kukaa kituo cha ushirika na daftari la maziwa anajua namba za saa nne asubuhi na namba za mchana wa jua kali hazilingani kwa uaminifu.

Kwa nini msimu ukiisha?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida: wanafunzi humaliza shule. Aliyejua kuisoma roboti anaondoka na ujuzi wake. Januari wote wako kwenye karakana, hakuna mwenye muda wa kumfundisha mgeni kutazama.

Ya pili ni mazoea mabaya, na hapa nasema maoni yangu: timu nyingi huwapeleka jukwaani wale ambao hazikuwapatia kazi nyingine. Jukwaa linakuwa kama adhabu. Kisha watu wanashangaa daftari limejaa makosa.

Bahati nzuri mazoezi hayahitaji roboti. Video za mechi za miaka iliyopita ziko wazi kwenye mtandao, na tovuti ya The Blue Alliance huhifadhi matokeo na viungo vya video hizo. Chukua mchezo wa mwaka 2024, ulioitwa Crescendo. Roboti ziliokota pete za sponji za rangi ya chungwa na kuzitupia kwenye lango la juu au kuzitumbukiza kwenye tundu la chini. Wanafunzi wawili wanachagua roboti moja, wanahesabu pete zake bila kusemezana, kisha wanalinganisha. Mara ya kwanza mmoja atasema saba, mwingine kumi. Wanarudia video pamoja, na karibu kila mara kosa ni lilelile: macho yaliacha roboti yakafuata pete.

Kuna na kipimo cha pili. Matokeo rasmi ya mchezo ule yanaonyesha idadi ya pete za upande mzima, ingawa hayasemi roboti ipi ilitupa ngapi. Jumla ya watazamaji watatu wa upande mmoja lazima ilingane na ile rasmi. Wao wakisema 14 na rasmi ni 11, kuna mtu kaandika pete ya jirani.

Wapo watakaosema kompyuta inatosha. Kweli, zipo hesabu zinazochukua pointi za pande zote na kukadiria mchango wa kila timu, na ni msaada mzuri kwa timu yenye watu wachache. Lakini Crescendo ilionyesha upungufu wake. Baadhi ya roboti zilikaa mbali zikimrushia mwenzao pete, naye akafunga. Pointi zilikuja, ila hesabu haioni nani alitoa pasi, sawa na matokeo ya mpira yanayomtaja mfungaji peke yake. Wala haioni roboti iliyomzuia mpinzani mechi nzima. Jicho la mtu linaona.

Kosa jingine la kurekebisha mapema ni tamaa ya kuandika kila kitu. Fomu yenye visanduku 30 hujazwa vizuri kwa mechi tano tu. Visanduku sita au saba, na nafasi ya sentensi moja, vinatosha. Katika ukumbi wa mashindano timu haziruhusiwi kufungua Wi-Fi yao, kwa hiyo wengi hutumia karatasi, au simu inayotoa alama ya QR ili simu nyingine iisome kwa kamera, kama unavyolipa dukani. Hilo nalo hujaribiwa nyumbani kwanza.

Mtihani wa mazoezi hayo ni mashindano ya kirafiki. Julai yapo ya Indiana, na baadaye mwaka huohuo yapo ya Chezy Champs huko California. Mchezo ni uleule wa msimu uliopita na kufungwa hakuumizi sana, kwa hiyo mgeni anaweza kukaa karibu na mzoefu na kukosea.

Na sisi?

Kenya na Tanzania zimewahi kupeleka timu za taifa kwenye mashindano mengine ya familia hiyo, FIRST Global Challenge, yaliyoanza Washington mwaka 2017. Kule kila nchi huleta timu moja, na nchi kadhaa huungana upande mmoja. Vifaa vya roboti ni ghali na shule nyingi za vijijini hazina. Ila kuisoma mechi kunahitaji simu moja, bando la kupakua video ya dakika mbili na nusu, daftari, na wanafunzi wawili waliokubaliana kutosemezana hadi filimbi ya mwisho. Mwalimu wa hisabati anayetaka kuanza achague mechi moja ya 2024, awape namba ya roboti iliyoandikwa kwenye mito yake, na afiche matokeo rasmi mpaka wote wawe wameandika.