Kivu: Mlinzi wa mgonjwa naye anachoka, nani anamhesabu?

Kila asubuhi kwenye milango ya hospitali za Goma na Bukavu wanaonekana watu wale wale: mama mwenye sufuria ya uji, kijana mwenye bidoni la maji, binti mwenye karatasi ya dawa anayetafuta farmasi ya bei nafuu. Ni walinzi wa wagonjwa. Muuguzi anatoa sindano. Kupika, kufua, kuogesha na kukesha ni kazi ya jamaa, na hakuna anayeilipa.

Tangu M23 ilipoteka Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, mzigo umeongezeka. Benki zilifunga milango, hata mwenye pesa kwenye akaunti akakopa kwa jirani ili anunue seramu. Na mgonjwa aliyepona bila kulipa anaweza kuzuiliwa hospitalini. Mlinzi anabaki naye, meza yake sokoni inalala.

Ushauri wa kawaida ni kwamba mlinzi apumzike, ale vizuri. Sawa, lakini atapumzika vipi anayelala juu ya kitenge chini ya kitanda? Kinachosaidia kweli ni zamu. Mara nyingi jamaa inakaa kikao juu ya pesa tu, kisha kukesha kunaachiwa binti mmoja, yule ambaye hajaolewa ama aliyeacha masomo. Kikao kile kile kingepanga nani analala hospitalini, nani anabaki na watoto. Kaka naye anajua kufua. Wamama wa likelemba na wa kanisa wanaokuja kusali na mgonjwa wangesaidia zaidi kama mmoja angebaki saa tatu, mlinzi akaoge na kulala nyumbani.

Hatari si uchovu peke yake. Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua zaidi ya watu 2.200, wengi wa walioambukizwa walikuwa wanawake, na kuhudumia wagonjwa ni moja ya sababu. Kwa kipindupindu na mpox pia, kunawa kwa sabuni na kumuuliza muuguzi kabla ya kugusa matapishi ama vidonda si kumkimbia mgonjwa.

Anayemkaripia mama yake kitandani mara nyingi si mtoto mbaya, hajalala siku nne. Vituo kadhaa vya afya vina wahudumu wa kisaikolojia, lakini wanajulikana kwa kusaidia waliobakwa na waliokimbia vita. Mlinzi wa mgonjwa anapita mbele ya mlango huo na sufuria yake, bila kufikiri kwamba naye angeweza kuingia.