Watoto Viwanjani na Sitara Isiyo Mahali Pake

 

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Songea ni mji wa mpira. Hilo halihitaji ushahidi mbele ya watu walioiona Majimaji ikitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1985, ikaurudia mwaka 1986 na tena mwaka 1998. Kila siku baada ya Swala ya Alasiri, kuanzia Lizaboni hadi Mjimwema, kuanzia Bombambili hadi Msamala, watoto wetu wamo viwanjani katika timu za mitaa, na kila timu ina mtu mzima anayeitwa kocha. Aghalabu ni mtu wa kujitolea, asiyelipwa na yeyote, na mara nyingine mpira wenyewe kaununua kwa fedha yake. Watu wa namna hiyo wanastahiki shukurani na dua zetu. Haya tunayoyaandika hayawalengi wao, na tunaamini wao ndio watakaokuwa wa mwanzo kuyaunga mkono.

Kwa miaka mingi mjadala wetu misikitini kuhusu mpira umekuwa juu ya urefu wa bukta na mechi zinazogongana na Swala ya Magharibi. Ni masuala yenye nafasi yake katika fiqhi, wala hatuyadharau. Lakini ni nadra kumsikia mzazi akiuliza: ni nani huyu anayekaa na mwanangu hadi giza linaingia? Alikuwa akifundisha wapi kabla ya kuja hapa, na huko aliondokaje? Binti akichelewa kurudi, nyumba nzima hutoka kumtafuta. Mvulana wa miaka 12 akilala kwa kocha kwa sababu alfajiri kuna safari ya mechi Mbinga, twaliona ni jambo la kawaida, tena twafurahi kwamba amepata mlezi wa pili.

Furaha hiyo haina msingi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 kati ya kila 7, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walifanyiwa angalau tendo moja la udhalilishaji wa kijinsia. Hesabu hiyo haikuwa ya viwanja vya mpira peke yake, bali ya majumbani, mashuleni, njiani na kila mahali. Tunaitaja ili asidhani mtu kwamba mtoto wa kiume analindwa na jinsia yake.

Mwenye nia mbaya haji na sura ya uovu. Huja na njumu mpya kwa mtoto ambaye baba yake hana uwezo wa kumnunulia. Humpa nauli, humnunulia chipsi, humsifu mbele ya wenzake, na humwahidi kumpeleka Dar es Salaam kwenye majaribio. Kabla ya kumzoea mtoto huwa ameshawazoea wazazi, naye huwasalimia kwa adabu na kuwasaidia wanapokwama. Kisha huanza kumtenga. Kuna mazoezi ya ziada ya mtu mmoja, kuna kuchuliwa mguu chumbani, na kuna siri ndogo ambayo mtoto huambiwa asimwambie mama. Siku linapotokea lile kubwa, mtoto ameshafungwa kwa fadhila na kwa aibu. Nchini Uingereza, Barry Bennell, kocha wa vijana aliyehukumiwa kifungo cha miaka 31 mwaka 2018 na kufia gerezani mwaka 2023, aliijaza nyumba yake michezo na wanyama wa ajabu ili wavulana wapende kulala kwake. Wazazi waliwaruhusu, kwa kuwa alikuwa na jina katika mpira.

Lakini kinachotusukuma kuandika mwezi huu ni lile linalofuata baada ya mtoto kusema.

Tunaijua desturi. Wazee huitwa, milango hufungwa, baba wa mtoto huombwa asiivunjie jamii heshima, hutolewa fedha kidogo ya kumpoza, na mtuhumiwa huambiwa ahame mtaa. Kisha hutajwa neno tukufu ambalo hufunga kila kinywa: sitara. Mwislamu humsitiri nduguye, wasema, na mwenye kumsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri Siku ya Kiyama.

Hadithi hiyo ni sahihi, na sisi ni watu wa Hadithi sahihi. Ndiyo maana tunawajibika kuisoma kama walivyoisoma wanazuoni. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika sharhu yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba sitara inayopendekezwa hapo ni kwa mtu mwenye haya zake, asiyejulikana kwa kuudhi watu na kufanya ufisadi, aliyeteleza katika maasia yaliyokwisha kupita. Ama yule anayejulikana kwa madhara na uharibifu, inapendeza asisitiriwe, bali jambo lake lifikishwe kwa mwenye mamlaka, kwa sababu kumfunika kunampa tamaa ya kuendelea. Na Mtume (S.A.W.) alipotufundisha kumsaidia ndugu hata akiwa ni dhalimu, alibainisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kumhamisha kutoka Majengo kwenda Ruhuwiko hakumzuii na lolote. Ruhuwiko nako kuna uwanja, na kuna watoto ambao wazazi wao hawajaambiwa kitu.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hiyo na atazame Ayalandi. John McClean alikuwa mwalimu wa Kiingereza na mkufunzi wa mchezo wa raga katika shule ya wavulana ya Terenure, jijini Dublin, shule ya watawa wa Kikatoliki yenye sifa kubwa. Mwaka 1996, baada ya kukabiliwa na tuhuma, aliondoka shuleni hapo. Alikwenda moja kwa moja kuongoza mchezo huohuo wa raga katika chuo kikuu cha jiji lilelile, akabaki huko hadi mwaka 2011. Ilipofika Februari 2021 ndipo mahakama ilipompeleka jela miaka 8, baada ya kukiri kuwadhalilisha wavulana 23 kati ya mwaka 1973 na 1990. Asije mtu akafurahi kwamba hayo ni ya watu wa dini nyingine. Waliyanyamaza kwa sababu zilezile tunazozitumia sisi: heshima ya taasisi, sifa ya mwalimu, khofu ya maneno ya watu.

Wapo wanaouliza: mashahidi wanne wako wapi? Wanachanganya mambo. Mashahidi wanne ni sharti la kusimamisha adhabu ya zinaa juu ya mtu kwa ushahidi, na Qur'an katika Suratun-Nuur imemtisha vikali mwenye kuwasingizia watu machafu. Kumpeleka mtoto aliyeumizwa hospitali na polisi si kumsingizia mtu, bali ni kudai haki ya aliyedhulumiwa kwa wenye uwezo wa kuchunguza. Sheria ya nchi yetu inairuhusu mahakama, katika makosa ya aina hii, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, iwapo imeridhika kwamba mtoto huyo anasema kweli. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwenye serikali ya eneo lake. Anayekaa kwenye kikao cha kuyamaliza kienyeji anajiweka upande mbaya wa sheria, na mbele ya Mola wake atajibu zaidi.

Pamoja na hayo, tunakataza vikali upande wa pili wa kosa. Jina la mtu lisitangazwe kwenye mimbari, barazani wala kwenye makundi ya simu kabla ya uchunguzi. Aya ya 83 ya Suratun-Nisaa inawalaumu wanaoeneza habari za khofu badala ya kuzirudisha kwa wenye mamlaka. Makocha wema wasije wakakimbia viwanja kwa ajili ya uvumi, maana wakikimbia wao hatujui nani atabaki.

Wala hatuafikiani na wenye kuona kwamba dawa ni kuwakataza watoto mpira. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (R.A.), na alipigana mieleka na Rukana. Dawa ni mipaka, na mipaka tunayo. Uislamu umeamrisha watoto wanaofikia miaka kumi watenganishwe katika malazi, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Vipi basi tunakubali kambi ambayo wavulana wanabanana godoro moja, na mtu mzima kalala miongoni mwao? Wanazuoni wetu wametahadharisha juu ya faragha ya mtu mzima na kijana asiyeota ndevu karne nyingi kabla ya vyama vya michezo kuandika kanuni zao. Kwa hiyo kila timu yenye watoto wetu iwe na watu wazima wawili au zaidi mazoezini na safarini, mmoja wao awe mzazi. Pasiwe na mtoto anayelala kwa kocha. Mwenyekiti wa mtaa amjue kocha kwa jina na makazi, na pale alipotoka paulizwe.

Hayo tunayoyataka uwanjani tunayataka kwanza kwenye madrasa zetu, neno kwa neno. Ustadhi asibaki na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, asimwite chumbani kwake kumfulia wala kumkanda, na kamati ya msikiti isimpokee mwalimu mgeni bila kuuliza alikotoka. Tukishindwa hapa, hatuna ulimi wa kumsemesha kocha.

Mtoto akisema, asikilizwe bila kukemewa wala kuulizwa kwa nini hakusema mapema. Ikiwa ameingiliwa, asiogeshwe, wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto ichukuliwe PF3, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa siku hiyohiyo, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Asiye na wa kumwendea apige namba 116, ambayo haina malipo. Tunawaomba maimamu waisome namba hiyo baada ya Swala ya Ijumaa, watoto wakiwa bado wamekaa safuni.